Mizani ya Pamba na Chaneli za Kulipia

Ndugu Waislamu, liko jambo ambalo wengi wetu hawalihesabu kuwa dhambi, nalo ni kutazama kwenye kompyuta chaneli za televisheni za kulipia pasipo kulipa. Makampuni yenyewe, kama Azam na DStv, yamewawekea wateja wao njia ya kutazama kwa intaneti. Hiyo ni halali, wala hatuna neno nayo. Tunalolikataa ni kutumia tovuti zinazorusha matangazo hayo bila idhini ya wenyewe, au nywila ya mtu mmoja kugawiwa nyumba kumi kinyume cha mkataba.

Husemwa: “Hatukuchukua kitu cha mtu, kampuni haikupungukiwa.” Mkulima wa Mwamapalala aweza kuijibu hoja hii. Simiyu ni mkoa unaosifika kwa pamba, na mkulima anajua uchungu wa mizani iliyochezewa. Mnunuzi anayepunja kilo mbili havunji ghala usiku. Anachukua tu jasho la mtu bila kuonekana. Je, yuko mkulima atakayekubali kwamba hakuibiwa? Sura Al-Mutaffifin inawakemea watu ambao wakipimiwa hutaka kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Basi sisi tunaolalamikia mizani mchana, tusiwe wapunjaji usiku mbele ya kompyuta.

Matangazo hayo yana gharama. Mwezi Mei 2021 Azam Media ilitia saini mkataba na TFF wa kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka 10, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ada ya mtazamaji ni sehemu ya malipo ya kazi hiyo.

Wanazuoni nao hawakunyamaza. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano huko Kuwait, Desemba 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayolindwa na sharia, wala haifai kuzivamia. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo yalinda haki za utangazaji. Zaidi ya hayo, Sura Al-Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza ahadi. Na anayejiunga na kifurushi amekwisha kufunga ahadi.

Wengine watasema kwamba ada ni nzito kwa mkulima. Ni kweli, lakini ughali ni sababu ya kuacha, si ruhusa ya kuchukua. Zipo chaneli za bure, na redio ipo.

Jirani asiye Mwislamu huisoma dini yetu katika mwenendo wetu kabla ya kufungua vitabu vyetu. Tumpe cha kusoma kilicho safi. Mwenyezi Mungu atujaalie uaminifu hata pale tusipoonwa na watu. Amin.