Njia za Miguu Zina Haki Yake

Bodo, kusini ya Msambweni, ndiko mtu apandiako mashua kwenda kisiwa cha Funzi. Njia nyembamba za huko hazikuchorwa na mhandisi. Zilifanywa na nyayo. Mvuvi huzipita kwa miguu, mwanafunzi kwa baiskeli, na kijana apendaye mbio hana uwanja bora kuliko huo.

Lakini shamba likiuzwa, ua husimama, na njia ya miaka mingi hufa kwa siku moja. Wengi hunyamaza wakidhani hawana haki. Wanayo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 28, yaitambua haki ya kupita iliyokuwapo ardhi iliposajiliwa mara ya kwanza, hata kama haikuandikwa katika daftari. Ila haki hudaiwa kwa ushahidi.

Njia za msitu wa Kaya Kinondo, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, zina wazee wa kuzilinda. Za Bodo zitalindwa na nani? Walimu wa jiografia, watoeni wanafunzi darasani: wazipite njia hizi, wawaulize wazee, wachore ramani. Somo hilo halitaishia kwenye mtihani.