NGUZO HAIPIGWI PICHA



Ninyi watu wa migodi munajua namna shimo la chini ya udongo linavyosimama. Juu ya kichwa cha mufanyakazi kuna mawe ambayo hakuna mizani inayoweza kuyapima. Kinachoyazuia yasianguke ni nguzo. Pengine ni mwamba ulioachwa bila kuchimbwa, pengine ni miti ama vyuma. Shaba ikitoka inje watu wanaipiga picha, lakini nguzo inabaki mule ndani mu giza. Watu wanauliza habari yake siku ile tu inapovunjika.

Kuna muchezo mumoja ambamo watu wawili wa kila ekipe wanafanya kazi ile ya nguzo. Wafaransa wanawaita kwa jina lile lile: pilie. Mwezi huu tuzungumze juu ya pilie mumoja, mwana wa Afrika, aliyezaliwa katika inchi moja, akapata mukate wake katika inchi ya pili, akamaliza kazi katika inchi ya tatu. Jina lake ni Tendai Mtawarira. Na tusisome habari yake kwa kumusifu tu. Kati yetu kuna vijana wengi wanaotaka kuvuka mipaka kutafuta maisha, na habari hii inawaangalia sana.

Kazi ya pilie

Wengi wetu tunajua mupira wa miguu tu. Muchezo wa ragbi una watu 15 kila upande, unachukua dakika 80, na mupira wake uko na umbo la yai. Unashikwa kwa mikono, lakini ni katazo kuurusha mbele: mutu anaurusha kwa mwenzake aliye nyuma yake. Kosa dogo likitokea, kwa mufano mupira ukimuponyoka mutu ukaanguka mbele, mechi inaanza tena kwa kitu kinachoitwa mele.

Mele ni hivi. Watu 8 wa ekipe moja wanashikana pamoja, wanainama, na wanasukumana na 8 wa upande wa pili. Katika ragbi ya wakubwa, kila upande unaweza kufikia uzito wa kilo 900 hivi. Uzito ule wote unapitia kwa watu watatu wa mbele. Katikati kuna mumoja anayevuta mupira kwa muguu, na kuume na kushoto kwake kuna mapilie wawili. Yule wa kushoto anavaa namba 1, na kichwa chake kiko huru upande mumoja. Yule wa kuume anavaa namba 3, na kichwa chake kinafungwa katikati ya vichwa viwili vya wapinzani. Shingo, mabega na mugongo njo vyombo vyao vya kazi.

Kazi hii iko na hatari. Mele ikianguka vibaya, shingo inaweza kuvunjika. Kwa sababu hiyo sheria inakataza mutu asiyefundishwa kusimama mustari wa mbele. Kama mapilie wote wameumia, arbitre anaamuru mele ichezwe bila kusukumana. Tena katika mwaka 2013 wakubwa wa ragbi walibadilisha namna ya kuanza mele, kusudi watu washikane kwanza mbele ya kusukuma, na wasigongane kama mbuzi dume.

Mutu mwenye kazi hii anafunga mara chache sana. Wale wembamba wa nyuma, wenye mbio, njo wanaofunga na kubebwa mabegani. Pilie anatoka na masikio yaliyovimba na shati lenye matope.

Ujue tena kwamba kulipwa ni jambo jipya katika ragbi hii ya watu 15. Mupaka mwezi wa 8 wa mwaka 1995 sheria ilikataza muchezaji kupokea mushahara. Tangu pale mipaka ilifunguka. Inchi ya Georgia, ambayo si tajiri, imetuma mapilie wengi katika ekipe za Ufaransa. Watu wa visiwa vya Samoa na Tonga vilevile wameenea Ulaya. Mabega yamekuwa kitu cha kuuzwa inje, sawa na shaba.

Kutoka Harare mupaka Durban

Tendai alizaliwa Harare, Zimbabwe, tarehe 1 mwezi wa 8, 1985. Katika luga ya Kishona jina lake linahusu shukrani: ni kama kuambia watu, «Mushukuru». Lakini tangu utoto alikuwa na mwili mukubwa, na wenzake walimupa jina lingine, Beast, maana yake munyama. Jina lile halikumuacha. Miaka nyuma yake, viwanja vizima vilikuwa vikilia jina lile kila mara aliposhika mupira, na mugeni angezani kwamba watu wanamuzomea.

Alisoma shule ya Peterhouse, karibu na Marondera. Nyuma ya masomo akavuka kuenda Afrika ya Kusini, katika muji wa Durban, na kuingia ekipe ya Sharks. Wakati ule hakuwa pilie. Alicheza mustari wa nyuma wa mele, pahali pa watu wanaokimbia na kubeba mupira, pahali pa kuonekana. Kocha wa Sharks, Dick Muir, njo aliyeona kwamba mwili ule unaweza kuwa namba 1.

Vijana, musimame kidogo hapa. Kijana amefika katika inchi ya wengine akiwa na ufundi wake, na wanamuambia aache kazi anayoijua, aanze upya katika kazi nzito zaidi yenye sifa kidogo. Wengi wangefunga mizigo. Yeye alijifunza upya namna ya kuinama, kuweka miguu na kunyoosha mugongo. Tarehe 14 mwezi wa 6, 2008, alivaa shati la taifa la Afrika ya Kusini, Springboks, kwa mara ya kwanza, mbele ya Wales, muji wa Pretoria.

Mwezi ule ule

Angalia tarehe ile vizuri. Mwezi mumoja tu mbele yake, katika mwezi wa 5 wa 2008, jeuri juu ya wageni ilianza Alexandra, karibu na Johannesburg, ikaenea mupaka Durban na Cape Town. Watu 62 walikufa, na maelfu walikimbia nyumba zao. Waliotafutwa ni watu wa Zimbabwe, wa Msumbiji, wa Malawi, na ndugu zetu wa Kongo hawakukaa kwa amani. Kwa hivi, mwana wa Zimbabwe mumoja alishangiliwa uwanjani, na katika majuma yale yale wana wengine wa Zimbabwe walikuwa wanalala katika hema na makanisa.

Sisemi hivi kwa kuhukumu inchi ile. Hata kwetu Katanga, katika miaka ya 1992 na 1993, watu walifukuzwa katika nyumba zao juu ya asili yao, na wengi walilala kwenye gare wakingoja treni. Nasema hivi kusudi kijana asizani kwamba mugeni anapendwa kwa sababu ni mutu tu. Mara nyingi anapendwa kwa sababu ya faida anayoleta, na siku faida ikiisha, mulango unafungwa.

Hata Tendai aliuona mulango ule. Tarehe 20 mwezi wa 6, 2009, pale Durban, Springboks walishinda Lions, ile ekipe inayokusanya wachezaji bora wa Uingereza, Scotland, Wales na Ireland, 26 kwa 21. Siku ile Tendai alimusukuma vibaya Phil Vickery, pilie mwenye sifa kubwa wa Uingereza, mupaka Vickery akatolewa mapema katika kipindi cha pili. Tendai akatangazwa mutu wa mechi. Lakini nyuma ya hapo, wakubwa wa siasa walianza kuuliza: mutu huyu ni mwana-inchi kweli? Sheria ya ragbi wakati ule iliomba miaka 3 tu ya kukaa katika inchi, na baadaye ikaongezwa kuwa miaka 5. Lakini serikali ilitaka paspoti. Mabega yaliyobeba inchi nzima hayakutosha kuwa karatasi. Katika mwaka 2010 alipata uraia, na neno likaisha.

Yeye alikuwa na ekipe kubwa nyuma yake na watu wa kumusemea. Ndugu zetu wengi wanaolinda magari katika barabara za Durban ile ile, wengine wakiwa na diploma mu mufuko, hawana mutu wa kuwasemea.

Musisahau Vickery pia. Majuma mawili nyuma ya aibu ile, tarehe 4 mwezi wa 7, 2009, alirudia katika mustari wa mbele, na Lions wakashinda 28 kwa 9. Springboks walikuwa wamekwisha kushinda mechi mbili za kwanza, kwa hiyo kikombe kilibaki kwao. Lakini mutu aliyesukumwa mbele ya macho ya dunia alikubali kuinama tena pale pale.

Bei ya mwili

Feza ya muchezo huu inatoka katika mwili, sawa na feza ya muchimbaji. Katika mwaka 2012 moyo wa Tendai ulipiga mbio bila utaratibu, akalazwa hospitali, waganga wakamutunza, akarudi. Wengine hawakuwa na bahati ile. Steve Thompson, aliyekuwa katikati ya mapilie wa Uingereza waliposhinda kombe la dunia mwaka 2003, alitangaza katika 2020 kwamba ubongo wake umeharibika na hakumbuki mechi ile. Alikuwa na miaka 42 tu. Vickery yule yule naye, katika 2023, alijulikana kuwa kati ya wachezaji wa zamani waliopeleka wakubwa wa ragbi mbele ya sheria juu ya mapigo ya kichwa. Mama mwenye bwana anayekohoa nyuma ya miaka 20 ya vumbi la mugodi anaelewa neno hili bila kuelezwa.

Siku ya Yokohama

Tendai alicheza mechi 117 za taifa. Ya mwisho ilikuwa tarehe 2 mwezi wa 11, 2019, fainali ya kombe la dunia, Yokohama, Japani. Alikuwa na miaka 34. Katika dakika za kwanza kabisa pilie wa kuume wa Uingereza, Kyle Sinckler, aligongwa kichwa na kutoka. Dan Cole akaingia, na hakuwa na mutu wa kumupokea. Mele nyuma ya mele, Tendai na wenzake waliwarudisha Waingereza nyuma, na wapinzani wakapewa azabu. Handré Pollard akapiga mupira katikati ya milingoti na kuhesabu pointi. Afrika ya Kusini ikashinda 32 kwa 12.

Mara zile mbili Springboks walipokimbia kuweka mupira chini ya mustari wa Waingereza, na dunia yote ikaruka, Tendai hakuwa tena uwanjani. Alikuwa ametolewa mapema katika kipindi cha pili. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Waliokimbia walipita katika njia iliyofunguliwa na mabega yaliyokwisha kuchoka. Siku chache nyuma yake akaaga timu ya taifa, mwenyewe, mbele ya kuambiwa atoke.

Katika 2020 alienda Marekani, kuchezea ekipe ya Old Glory DC, Washington. Alicheza kidogo tu, kwa sababu mwezi wa 3 ugonjwa wa Korona ulisimamisha mashindano yote. Akatundika viatu. Tangu hapo anajishugulisha na shirika lake la kusaidia vijana.

Neno kwa nyumba zetu

Mbele ya kuuza kiwanja kusudi mutoto aende «Sauzi», ulizeni mambo matatu. Mutoto ana ufundi gani wa mukono wenye kuombwa kule? Karatasi zake ziko namna gani? Na kama wakimuambia aanze chini, atakubali kuinama, ama atarudi na hasira? Tendai alikuwa na jibu kwa swali la kwanza na la tatu, na bado swali la pili lilimusumbua.

Na wewe kijana unayebaki hapa, mwenye kubeba wadogo zako nyuma ya kifo cha baba, ama dada unayeuza mikate kusudi kaka asome: kazi yako haipigwi picha. Siku ya diploma atavaa kanzu yule aliyesoma. Wazazi, musingoje nguzo ivunjike ndipo muijue. Jioni ya leo, muitie kwa jina lake, mumushukuru mbele ya wengine.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Katika nyumba yetu, nani anabeba uzito bila kuonekana?
2. Mugeni anayekaa katika avenue yetu tunamupokea namna gani?
3. Ni kazi gani ningeweza kujifunza upya, hata kama inaanza chini?

Mukae na amani. Tutaonana mwezi ujao.