Darasa Lipo Malunguni

Mwanafunzi wa akiolojia anaweza kuzijua kwa ghibu tarehe za Olduvai, Isimila na Kilwa, akavaa joho la mahafali, na bado asijue kuusafisha ukuta wa mtaro. Lawama si yake. Kazi ya uwandani ni ghali: usafiri, mahema, posho, vibali. Fedha zikipungua, siku za uwandani ndizo rahisi kukatwa, kwa kuwa hotuba ya darasani haihitaji dizeli.

Toleo hili linatetea darasa moja la vitendo ambalo Tanzania inalo tayari: malungu ya Ufipa. Ni matanuri marefu ya kuyeyushia chuma, mengine yakipita mita tatu, yaliyojengwa kwa udongo wa vichuguu. Yapo yanayosimama hadi leo kwenye mashamba ya Nkansi na Sumbawanga. Ilungu, yaani tanuri moja la namna hiyo, halikuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, moto ukapanda juu, na kilichopatikana kilikuwa chuma chenye uchafu mwingi. Ndipo kikahamishiwa kintengwe, tanuri dogo la kusafishia, na huko mivukuto ikafanya kazi yake.

Kwa mkufunzi hii ni neema. Mwanafunzi ataokota mavi ya chuma na kujifunza kuyatofautisha ya ilungu na ya kintengwe. Atachora tanuri kwa vipimo, atahesabu matundu, atapima vipande vya mirija ya udongo. Hayo yote kabla hajachimba hata sentimita moja, na mimi naona asiyeweza kusoma kilicho juu ya ardhi asipewe sururu.

Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alionyesha faida ya kutembea na kusoma kilicho juu ya ardhi. Utafiti wake wa miaka ya 1990 huko Nkansi, kuanzia mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi uwanda wa juu, ulibainisha kwamba malungu hayakuwa njia pekee. Kulikuwa pia na katukutu, matanuri madogo yenye ufundi wake. Aliyeridhika na malungu yanayoonekana toka barabarani asingeyajua hayo.

Lakini udongo hausemi yote. Tanuri jipya lilipambwa na kuimbiwa kama bibi harusi, na fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa. Mambo haya tunayajua kwa sababu waliokuwapo waliulizwa: Greig aliandika mwaka 1937, Wise mwaka 1958, na mtafiti Randi Barndon akawahoji wazee wakati bado wapo. Majembe ya dukani yalikwisha kuizima kazi ya kuyeyusha chuma. Mafundi wenyewe hatunao tena, kwa hiyo mwanafunzi wa leo hana budi kujua kuchimba na kujua kuuliza, kwa adabu, akianzia kwa mwenyekiti wa kijiji na mwenye shamba.

Kuna jambo la sheria linalonikera. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda moja kwa moja vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Vya baadaye, vingi vyake vinangoja tangazo la Waziri. Ilungu lililowashwa mwaka 1900 basi halina kinga hiyo, ingawa jembe la ng'ombe haliulizi umri wa kitu. Wanafunzi wanaojifunza kuorodhesha wangeweza kuiandaa orodha ambayo tangazo hilo linaihitaji, na kazi yao ya darasa ingekuwa na mtu wa kuitumia.

Wito wetu kwa idara zinazofundisha akiolojia katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma: leteni msimu mmoja wa uwandani Ufipa, na nakala ya ripoti ibaki Sumbawanga. Na wewe msomaji mwenye ilungu shambani, usiliangushe kabla hujamwona afisa utamaduni wa halmashauri yako.