30 Imara Inashinda 60 ya Kurukaruka

Leo naingilia hii vita ya fremu, na msimamo wangu nausema mapema: fremu 30 kwa sekunde zikiwa imara zinatosha gemu nyingi. Gemu za mashindano, 60 ni lazima. Lakini inayopanda na kushuka ovyo haikubaliki, hata kama boksi ya simu imeandikwa 120.

Najua kuna mtu tayari anasema, "Bro, 30 si gemu, hiyo ni slaidi." Tulia kwanza.

Sinema zimekuwa zikipigwa kwa fremu 24 kwa miaka na miaka, na hakuna mtu ametoka ukumbini akilia eti picha inakwama. Tofauti ni kwamba kwa sinema wewe unaangalia tu. Kwa gemu unabonyeza, halafu unangoja jibu. Kwa 30, kila fremu inakaa kama milisekunde 33. Kwa 60 inakaa kama 17. Kwa hivyo swali la maana ni: hii gemu inataka nijibu haraka kiasi gani?

Chukua Tekken, ile gemu Sylvia Gathoni, Queen Arrow wetu, amepeperushia bendera ya Kenya. Tekken inaenda kwa 60, na wachezaji wake wanahesabu mapigo kwa fremu. Ile ngumi ya haraka kabisa ya wahusika wengi inachukua fremu 10 kufika, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Hapo huwezi niambia 30 ni sawa. Hata gemu za mpira ni vivyo hivyo, hasa mkiwa mmewekeana chapaa.

Lakini gemu za hadithi? The Legend of Zelda: Ocarina of Time ilitoka 1998 ikienda kwa fremu 20 hivi, na mpaka leo watu wanaiweka kati ya gemu bora zaidi duniani. Bloodborne ya 2015 ilifungwa kwa 30 kwa PS4, na bado watu wanaiabudu. Halafu kumbuka Cyberpunk 2077, Desemba 2020. Kwa PS4 za zamani ilikuwa inaanguka chini ya 30 kila saa na kujizima, mpaka Sony wakaiondoa dukani kwao na kurudishia watu pesa. Unaona? Watu hawakukasirikia 30. Walikasirikia kuahidiwa kitu na kupewa mkwamo.

Kuna hesabu moja watu huruka. Skrini ya kawaida inajichora upya mara 60 kwa sekunde. 30 inaingia hapo sawasawa: kila fremu inaonyeshwa mara mbili. 45 haiingii. Fremu zingine zinakaa mara moja, zingine mbili, na jicho linahisi kutetemeka. Ndiyo maana 45 inaweza kuonekana mbaya kuliko 30, ingawa namba ni kubwa.

Sasa tuje hapa kwetu Kagio, kwa sababu hapa ndipo hii stori inaniuma. Naona vijana wakichukua simu za kulipia kila siku eti kwa sababu skrini ni 120. Unapiga kibarua sokoni, unabeba kreti za nyanya, halafu pesa yote inaenda kwa simu. Gemu ikianza ni moto. Baada ya muda simu nayo inakuwa moto, processor inajipunguza kasi ili isiungue, na zile fremu zote zinayeyuka. Umelipia namba ya kwa karatasi. Na yule ako na simu ya kawaida anatolewa kwa kikosi akiambiwa "unatuangusha," kumbe shida ilikuwa netiweki, si fremu. Server ikiwa mbali, hata fremu 120 hazitakuokoa.

Kabla ya kukopa, jaribu hivi. Shusha vivuli na ubora wa picha. Funga gemu kwa 30 kama 60 haishikiki. Toa kava simu ipoe. Na wenye PS za kulipia kwa mechi, tafadhali, washeni ile mode ya gemu kwa TV. TV nyingi zinachelewesha picha kuliko hata tofauti ya 30 na 60, halafu mtoto wa watu analipa mechi akidhani ni yeye hajui kucheza.

Kama ni mashindano ya pesa, kila mtu acheze kwa mashine zinazolingana. Hiyo ndiyo haki. Mengine yote, cheza na ulicho nacho na usikubali mtu akuaibishe juu ya namba.

Haya, wewe simu yako inashikilia ngapi baada ya dakika ishirini? Sema ukweli, usisome boksi.