MAMBO YA NYUMBANI: Jina la Fundi Hutafutwa Ndani ya Sanduku

Chukulia mfano wa askari mstaafu mkazi wa Sonatubes, jijini Kigali, ambaye enzi za ujana wake alipiga gitaa katika bendi. Ameletewa kikuza sauti cha zamani cha Fender, na muuzaji anaapa kwamba kilifanyiwa marekebisho na Alexander Dumble wa California. Bei yake ni akiba yote ya nyumba. Mke wake anauliza neno moja tu: "Ushahidi uko wapi?"

Swali hilo ni la busara. Dumble, aliyefariki mwaka 2022, aliunda vikuza sauti vichache kwa mkono, na vilevile alivirekebisha vya Fender. Vilivyo vyake halisi vimepata kuuzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Penye bei ya namna hiyo, uongo haukosekani.

Kwanza ni usalama. Kikuza sauti kilichoundwa kwa soko la Marekani hutumia umeme wa volti 120, na wa Rwanda ni volti 230. Kikichomekwa ukutani bila transfoma ya kupunguza umeme, kitaungua. Zaidi ya hayo, ndani yake huweza kuwa na volti 400 au zaidi, na kapasita hubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Watoto wawekwe mbali, na sanduku lifunguliwe na fundi anayeijua kazi ya valvu.

Baada ya hapo uchunguzi huanza. Nyuma ya vizungushio vya sauti huwa pamegongwa namba. Kwa mfano, 1376633 husomwa hivi: 137 ni kiwanda cha CTS, 66 ni mwaka 1966, na 33 ni juma la 33. Maana yake ni kwamba kifaa hicho hakikuwapo kabla ya juma hilo. Ikiwa muuzaji anadai kazi ilifanywa mwaka 1975, na kifaa kilichoongezwa kina tarehe ya 1982, basi ama maelezo si ya kweli, ama mkono mwingine uliingia baadaye.

Yafaa pia kutazama lehemu: ya zamani isiyoguswa hutofautiana na iliyoyeyushwa upya. Dumble alijulikana kwa kufunika sehemu za kazi yake kwa gundi ngumu ili zisiigwe. Lakini gundi yaweza kumwagwa na mtu yeyote. Peke yake haithibitishi kitu.

Lenye uzito zaidi ni hati: barua ya fundi, stakabadhi, picha ya zamani inayoonyesha namba ya chasisi, na majina ya waliokimiliki kwa mfuatano. Askari polisi wanalifahamu jambo hili, kwani kielelezo kisichojulikana kilipitia mikono ya nani hupoteza nguvu. Kwa sababu hiyo, kila sehemu ipigwe picha kabla ya fundi kusafisha au kubadilisha chochote. Alama ikishafutwa hairudi.

Hati zisipopatikana, mnunuzi alipe bei ya Fender ya zamani iliyoguswa na fundi asiyejulikana, wala asilipie jina. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mke wa mstaafu hakuwa akiuchukia muziki. Alikuwa akiilinda ada ya shule ya watoto.