Mikono Juu Mbele ya Mwenye Nyumba

Tumechoka kuambiwa kwamba maisha ya kijijini ni raha na utulivu. Wanaosema hivyo hushuka kwenye treni ya London Jumamosi, hutazama mnara wa kanisa na mashamba ya shayiri, kisha Jumapili jioni hurudi kwao. Tunaobaki ni sisi: vibarua wa mashamba, wake zetu, mhunzi, fundi viatu na wajane wa parokia moja ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Huu ni mwezi wa Juni 1914 na tuna maneno ya kusema.

Mshahara hauhitaji maelezo marefu. Ni shilingi 13 kwa wiki, au 14 kwa mwenye bahati, na siku ya mvua wengi wetu hurudishwa nyumbani bila malipo. Mwaka jana Seebohm Rowntree na May Kendall walitoa kitabu kuhusu maisha ya vibarua. Walipiga hesabu wakaona kwamba baba, mama na watoto watatu wanahitaji shilingi 20 na peni 6 kwa wiki ili wapate tu chakula cha kuupa mwili nguvu, mavazi na mahali pa kulala. Tunawashukuru kwa kazi hiyo, ingawa wake zetu walikuwa wakiijua hesabu hiyo siku zote. Kipande cha nyama kikipatikana anapewa baba, kwa kuwa ndiye anayeshika jembe. Watoto wanapata mchuzi na viazi. Mama anakula mwisho, mkate na chai, na akiulizwa anasema ameshiba.

Linalotuumiza zaidi ni nyumba. Nyumba ni ya mwenye shamba na inakwenda pamoja na kazi, kwa hiyo siku ukiachishwa kazi umeachishwa na paa. Ukijibizana na msimamizi wakati wa mavuno, mkeo ataanza kufunga vyombo. Ukijiunga na chama cha vibarua alichokianzisha George Edwards mwaka 1906, unajiunga huku ukijua ni kitanda cha nani kinachoweza kutolewa barabarani. Wenzetu wa kijiji cha St Faith's walijaribu mwaka 1910. Walichoomba ni shilingi 1 ya nyongeza na Jumamosi fupi. Waligoma miezi mingi, na mwisho wake wakashindwa.

Mtu atasema: kama nyumba inavuja na kisima kiko karibu na choo, si mkamwite mkaguzi wa afya? Tunaye, na sheria ya mwaka 1909 imempa nguvu. Anaweza kuja, akaona ukuta wenye ukungu na chumba kimoja wanamolala wavulana na wasichana pamoja, akaandika kwamba nyumba haifai kukaliwa na binadamu. Ni kweli haifai. Basi itafungwa, na watakaofungiwa nje ni sisi, kwa sababu hakuna anayejenga nyingine. Ndiyo maana mkaguzi akipita tunasema hakuna tatizo, na mwenye nyumba anatutaja kama mashahidi kwamba hakuna tatizo.

Sasa tupeleke wapi malalamiko? Kasisi ndiye mwenyekiti wa wasimamizi wa shule. Kabaila mwenye ardhi, ambaye kasisi hula kwake Jumapili, ndiye hakimu. Wakulima wakubwa wanaokodi ardhi yake wamo katika halmashauri ya wilaya, na kwa kiti hicho hicho ndio walezi wa maskini, wanaoamua kama mjane atapewa shilingi chache akiwa kwake au atapelekwa kwenye nyumba ya maskini. Wao kwa wao ndio wanaogawa makaa ya Krismasi, ambayo yananunuliwa kwa fedha zilizoachwa na marehemu wa zamani kwa ajili ya maskini wa parokia hii. Fedha hizo ni zetu kwa wosia. Lakini tunazipokea kofia mkononi, na anayesali na Wamethodisti hushangaa kila mwaka jinsi jina lake linavyosahaulika. Ni kesi ya nyani kupewa ngedere, na sisi ndio mahindi.

Shule nayo ni hivyo hivyo. Mvulana anatolewa darasani kuokota mawe, kufukuza ndege kwenye ngano iliyopandwa, kuongoza farasi. Anayepaswa kuuliza yuko wapi ni msimamizi wa shule, na msimamizi ndiye aliyemwajiri. Mwalimu akiuliza anaonekana mkorofi.

Hatusemi hivi kwa kubahatisha, maana yaliyotokea Burston, katika kaunti yetu hii hii, kila mtu anayajua. Tom na Annie Higdon walikuwa walimu wa pale. Bwana Higdon ni mtu wa chama cha vibarua, na mwaka jana yeye na vibarua wenzake walichaguliwa kuingia baraza la parokia. Mwaka huu walimu wote wawili wamefukuzwa kazi. Aprili 1, watoto 66 kati ya 72 waliiacha shule, wakazunguka kijiji na mabango wakidai walimu wao, na masomo yakaendelea uwanjani. Wazazi walipelekwa mahakamani wakatozwa faini. Kosa lao ni kuwataka walimu wanaofundisha! Tunawaunga mkono watoto wale kwa moyo wote, na tunaona uchungu kwamba iliwabidi watoto wafanye jambo ambalo sisi watu wazima tuliliogopa.

Kwa maana baraza la parokia tunalo, tangu sheria ya mwaka 1894, na hata sisi tunaweza kuchaguliwa. Bunge lilikumbuka hata kwamba kibarua hawezi kuhudhuria mkutano mchana, likaagiza usianze kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ila tazama kura inavyopigwa. Ukimchagua mbunge unaingia mahali pa siri na karatasi yako; ni hivyo tangu mwaka 1872. Ukichagua diwani wa parokia yako mwenyewe unanyoosha mkono, ndani ya darasa la shule, taa ikiwaka, mwenye nyumba yako amekaa mbele akihesabu. Kisha magazeti yanaandika kwamba vibarua hawapendi mambo ya baraza.

Yako yaliyo mema, na tuyaseme. Tangu Januari 1909, mzee wa miaka 70 asiye na kipato anakwenda posta na kuchukua shilingi 5 zake kila wiki. Karani haulizi anasali wapi, wala bibi mzee hapigi goti kwa mtu. Tumeona wazee wakinyooka mgongo tangu fedha hizo zianze kuja, na wengine wamerudi kuishi na watoto wao kwa sababu sasa si mzigo. Basi inawezekana mtu kupata kilicho haki yake bila kukiomba kwa mkubwa. Tunataka nyumba ziwe hivyo, zijengwe na halmashauri, ukilipa kodi hakuna wa kukutoa. Makaa ya Krismasi yagawiwe kwa orodha iliyobandikwa mlangoni kila mtu aisome.

Na baraza tunalitaka. Uchaguzi ujao ni mwaka 1916. Sheria inaruhusu mtu asiyeridhika na kura ya mikono adai kura ya karatasi. Lakini wa kuidai lazima asimame na asikike, kwa hiyo tumekubaliana asimame mhunzi, kwa sababu karakana yake ni mali yake. Sisi wengine tutasimama nyuma yake, na safari hii hatutasubiri kuona nani mwingine amesimama kwanza.