USIACHE MBACHAO

Wako watu mijini wasemao kwamba siku za redio zimekwisha, na kwamba fedha za utangazaji zapasa kutiwa katika televisheni. Sisi hatukubaliani nao, na tutaeleza sababu zetu.

Maneno hayo si mapya. BBC ilianza kutangaza kwa televisheni mjini London mwaka 1936, ikasimama wakati wa vita, ikaendelea tena mwaka 1946. Malkia Elizabeth alipovikwa taji mwaka 1953, watu zaidi ya milioni 20 wa Uingereza walimtazama katika televisheni, wakawapita kwa wingi waliosikiliza redio. Wengi wakatabiri kifo cha redio. Lakini toka mwaka 1954 redio ndogo za transista, zitumiazo betri, zilianza kuuzwa Marekani. Redio ikatoka sebuleni, ikaingia jikoni, garini na shambani. Haikufa, bali ilibadili kazi yake.

Hapa kwetu Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Kenya walipata televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963, lakini Bara haikuwafuata. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba chombo hicho kingewafaa wachache wa mjini, hali gharama yake ingebebwa na mkulima. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwaka 1973. Mwaka ule ule, huku Bara, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo.

Hatusemi kwamba kuchelewa kule hakukuwa na hasara. Bara ilingoja hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi vilipoanza, na televisheni ya taifa ikafuata baadaye. Mwananchi aonaye kwa macho yake jinsi mbunge wake asemavyo Bungeni amepata haki ambayo baba yake hakuwa nayo.

Lakini na tuitazame Nzega. Zamani habari za pwani zilifika Unyamwezi kwa miguu ya wapagazi, na toka Bagamoyo hadi Unyanyembe ilikuwa safari ya karibu miezi 3. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, miezi ikawa siku. Redio ndiyo iliyoifanya habari ifike Nzega dakika ile ile isemwapo Dar es Salaam. Mkulima wa pamba hawezi kukodolea kioo huku anapalilia. Lakini aweza kutundika redio yake mtini, au kufungua ile iliyo ndani ya simu yake, akasikia habari za mvua, za bei na za dawa ya wadudu, na jembe lisisimame.

Hapa yatupasa sisi wa chama tujisute wenyewe. Kiongozi hupenda kuonekana, na mkulima hutaka kuelezwa. Mara ngapi mkutano hungojeshwa mpaka kamera ifike, na kamera ikiisha kuondoka maswali ya wananchi hukatizwa? Mambo ya namna hii ndiyo yatutengayo na watu waliotutuma.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Mitambo ya redio mikoani isiachwe ichakae kwa ajili ya kupamba studio za picha. Vipindi vya wakulima viwekwe saa ambazo wakulima wamekwisha rudi nyumbani. Na watangazaji waende vijijini wakawasikilize watu, kwani vikundi vya mwaka 1973 vilifaulu kwa sababu msikilizaji naye alipewa nafasi ya kusema.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Televisheni ije, na ifike hadi Nzega. Lakini redio ya mkulima isizimwe ili mtu wa mjini apate picha nzuri zaidi.